Kikombe cha Thelathini

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika. Magoti yaligoma kwenye ngazi za pili, nikakaa mlangoni pa watu kama mwuza sabuni. Ghorofa hizi! Aliyezijenga hakuwa na mama.

Mjukuu wangu Chiriku alinirukia shingoni kabla sijatua mfuko. Amerefuka. Kovu la kidevuni limefifia. Maneno hayaishi—paka wa jirani kazaa, jino linacheza, mwalimu wake ana viatu vinavyolia kwi kwi. Ndiyo maana nilimpa jina hilo. Akinyamaza huyu, ujue kalala.

Mwanangu anaondoka keshokutwa. Semina ya kazi, mpaka mwisho wa wiki ijayo. Bosi wake kasema aende, au nafasi apewe mwingine. Kwa hiyo jiko ni langu. Jiko gani! Ni duka la dawa.

Kuna mizani mezani, bapa kama sahani, yenye kioo kidogo cha namba. Unaweka chombo kitupu, unabonyeza, namba zinarudi sifuri, ndipo unatia chakula. Kila kinachoingia tumboni kwa Chiriku hupimwa. Mafuta. Malai. Yai. Unga wa karanga, gramu thelathini kwa mlo. Viazi vya kuponda, gramu thelathini kwa mlo. Mafuta mengi, wanga kiduchu. Ndiyo dawa ya kifafa chake, maana vidonge vyote vilishindwa. Tangu mizani iingie nyumba hii, hajaanguka hata mara moja.

Mimi nilimwona akianguka, kwangu, kando ya pipa la maji. Alikuwa anacheka. Cheko likakatika katikati. Macho juu, midomo bluu, na ile sauti ya kichwa kwenye sementi. Sitaki kuiandika. Haya, nimeshaiandika.

Halafu kuna vijiti vya mkojo. Kila asubuhi unachovya kimoja. Kikigeuka zambarau iliyoiva, basi mwili unaunguza mafuta, kinga ipo. Kikipauka, hatari inakuja. Kikipauka nipigie hapo hapo, Mama, kasema mwanangu.

Nikamuuliza, na nyongeza je? Mimi nikimpimia mtu natia kilele juu. Kipimo bapa ni cha watu wenye mkono wa birika.

Akasema, Mama, kwa huyu nyongeza ni sumu.

Ulimi ule kautoa kwangu. Sina wa kumlaumu.

Jumatano, 5 Machi

Mwanangu kaondoka alfajiri. Kamkumbatia mtoto mpaka mtoto akasema, Mama unanibana. Mimi kanishika mikono miwili tu. Bora angesema neno.

Asubuhi ilinishinda. Namba za mizani hazitulii—ishirini na nane, thelathini na moja, ishirini na tisa. Napunguza punje, inashuka mbili. Naongeza punje, inapanda tatu. Nikipumua inacheza! Macho yangu yamekula chumvi nyingi, kioo chenyewe kidogo kama ukucha. Yai likapoa. Malai yakaganda. Chiriku kagonga meza kwa kijiko: Bibi, nitakufa na njaa! Nikamwambia atangulie, mimi nitamfuata nikimaliza kupima. Kacheka. Mimi sikucheka sana.

Kachelewa shule. Mkwe wangu, fundi umeme, alimsubiri mlangoni na mkoba wa vifaa begani, anatazama vidole vya miguu yake. Mtu mzuri yule. Ananiheshimu mpaka inaudhi. Nikiingia sebuleni anasimama kama kaona polisi.

Kijiti: zambarau. Kama ganda la biringanya.

Chiriku kauliza naandika nini. Mambo yangu, nikamwambia. Kasema herufi zangu kubwa kama za duka la nyama. Kweli! Shule mimi sikuiona hata mlango. Marehemu mume wangu alikuwa mchora mabango, ndiye kanifundisha, na yeye herufi ndogo hakuwa nazo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeiweza! Nimeiweza mashine ile!

Nimetoa kikombe cha kahawa, kile kidogo cha maua. Nikakiweka kitupu kwenye mizani, nikabonyeza, sifuri. Nikamimina unga wa karanga polepole mpaka thelathini. Na tazama—unga umefika ukingoni kabisa! Hauzidi, haupungui. Kama vile kikombe kilifinyangwa kwa kazi hiyo.

Basi. Thelathini ndiyo hii. Kikombe kimoja. Unga, kikombe. Viazi, kikombe. Mizani nimeipandisha kabati la juu, ikapumzike na kelele zake.

Maisha yote nimepima kwa kikombe, kopo na kiganja. Nimelisha watoto saba, nimelisha misiba, nimelisha harusi. Hakuna aliyewahi kuniuliza gramu.

Mlo wa jioni ulikuwa tayari mafuta yakiwa bado yanachemka. Chiriku kala viazi, kalamba sahani, kasema: Bibi, leo umenipa vingi! Nikamwambia ni vile vile, ila mkono ni wangu.

Mafuta na malai nina glasi ya mwanangu yenye mistari aliyoichora mwenyewe. Hiyo sijaigusa. Mimi si mjinga.

Ijumaa, 7 Machi

Zambarau, ingawa si ya jana. Mtoto katoka mbio, kwa wakati. Mkwe kasema, Asante, Mama. Akikiambia kitasa cha mlango.

Nimefua mapazia.

Jumapili, 9 Machi

Fundi cherehani wa ghorofa ya chini kapanda kunisalimia. Mwanamke wa rika langu, mikono imejaa makovu ya sindano, mdomo hauna breki. Tumeelewana hapo hapo. Kamtazama Chiriku, kasema: Shoga, huyu mtoto kanawiri! Mashavu yamerudi! Mama yake alikuwa anamlisha kama ndege wa kufugwa.

Sitasema uongo hapa, moyo ulijaa.

Na ni kweli nimeanza kubonyeza kidogo. Viazi nikivishindilia kwa kidole gumba vinaingia vizuri, halafu kilele kidogo juu, cha ukucha tu. Kikombe bado ni kikombe. Mtoto anatazama kile kilele kama jua linachomoza. Nimnyime? Kwa mkono huu?

Kijiti cha leo kama kanga iliyofuliwa sana. Si zambarau hasa. Waridi.

Mwanangu kapiga simu jioni, sauti inakatika, kuna watu wanacheka nyuma yake. Kauliza rangi. Nikasema nzuri. Waridi ni rangi nzuri. Kauliza tena, nzuri vipi Mama? Simu ikakata. Nilishukuru ilipokata, na sijui kwa nini nilishukuru.

Jumatatu, 10 Machi

Waridi iliyopauka. Nimeikagua ile chupa ya vijiti. Kifuniko hakikuwa kimekazwa, na iko dirishani juani. Jua linakula rangi za mapazia, litashindwa kijiti? Vimeharibika, hivyo tu. Nimekaza kifuniko, nimeiweka kabatini.

Asubuhi hii mkwe kaja jikoni kuchota maji. Mimi nilikuwa najaza kikombe. Kakitazama kikombe. Kaitazama meza, pale mizani ilipokuwaga. Halafu kaitazama sakafu.

Una neno, baba? nikamuuliza.

Hapana, Mama. Maji tu.

Glasi ilikuwa tayari imejaa mkononi mwake.

Jumanne, 11 Machi

Chiriku kanyamaza.

Si siku nzima. Alikuwa ananihadithia habari ya viatu vya mwalimu—kwi, kwi—na kwenye kwi ya tatu akasimama. Macho wazi. Kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. Muda wa mimi kuvuta pumzi na kuitoa. Kisha akaendelea pale pale alipoachia, wala hajui kwamba aliacha.

Nimemuuliza, ulikuwa wapi? Kasema, Hapa, Bibi. Kanicheka.

Uchovu. Watoto huduwaa. Mimi mwenyewe naduwaa.

Kijiti sikukitazama vizuri, taa ya chooni ni mbovu.

Jumatano, 12 Machi

Mkono wake umeruka. Wa kulia. Tulikuwa mezani, kashika kikombe cha maji, mkono ukaruka wenyewe kama umeguswa na waya. Maji yote kifuani. Akatazama mkono wake kwa mshangao, kama si wake. Bibi, sikufanya mimi!

Najua, mama. Najua hukufanya wewe.

Nimembadilisha gauni. Vifungo nimevikosea mara tatu, nikamwambia ni macho ya uzee. Si macho.

Kijiti cha leo nimekipeleka dirishani. Hakina rangi. Kimebaki kama kilivyotoka chupani, rangi ya ngozi ya mkate. Nikachovya cha pili. Vile vile.

Nikashuka kwa fundi cherehani. Nikamwambia yote, simu ya mwanangu haipatikani, wako ukumbini. Kazima mashine. Kasema pengine ni minyoo. Kasema pengine ni jicho la mtu, maana alimsifu mashavu bila kumwombea. Kasema tumwongeze chakula, apate nguvu. Nikapanda ngazi nikifikiria hilo la mwisho. Nikamwongeza.

Sijui naogopa nini. Napika kama alivyosema mama yake. Thelathini na thelathini. Ni kikombe kimoja. Kikombe hakidanganyi!

Alhamisi, 13 Machi

Naandika haraka, mkwe yuko na mtoto sebuleni.

Shule ilimrudisha saa nne. Mwalimu wake mwenyewe ndiye kamleta, mkono begani kwake. Kasema ameduwaa mara nyingi, na mara moja kichwa kilianguka mbele, tap, kwenye dawati, kikainuka. Anasinzia? aliniuliza. Nikasema ndiyo. Mungu wangu! Niliitikia ndiyo!

Mkwe kaacha kazi, kaja mbio, jasho mpaka kwenye mkanda. Na kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu, kanitazama usoni.

Mama, mizani iko wapi?

Nikapandwa na hasira. Kwani umenikuta nampa nini mtoto? Sumu? Nimelea mke wako kwa kikombe, hana kasoro! Nikakokota kiti, nikaiteremsha mizani mwenyewe. Haiwaki. Katoa betri kutoka mkoba wake, kaiweka. Ikawaka.

Tazama basi, nikamwambia. Nikaweka kikombe cha maua, nikabonyeza, sifuri. Nikajaza unga wa karanga kama ninavyojaza. Arobaini na moja.

Hiyo ni ile nyongeza yangu, nikasema. Kidogo tu. Nikaipangusa kwa kisu, nikaulegeza unga. Thelathini. Umeona! Umeona!

Na viazi, Mama, kasema. Pole pole, kama anaongea na mgonjwa.

Nikamwaga unga, nikatia viazi. Kikombe kile kile. Nikasawazisha kwa kisu kile kile, bila kilele, bila kidole gumba.

Sabini na mbili.

Nikasema mashine imeharibika. Nikaondoa kikombe, nikafuta, nikarudisha. Sabini na mbili. Nikashindilia na kutia kilele, kama ninavyompa mtoto. Themanini na nane.

Nikabaki nakitazama kikombe. Kimejaa sawa! Ukingo ule ule! Halafu nikaelewa, na kuelewa kulianzia mgongoni, si kichwani. Mimi nimebeba ndoo ya maji tangu niko mtoto. Nimebeba pumba kwenye ndoo hiyo hiyo. Ya pumba unakimbia nayo unaimba. Ya maji inakuzamisha shingo mabegani. Unga una hewa, viazi vimeshikana kama udongo. Shingo yangu ilijua miaka yote hiyo. Kichwa kilichokuwa juu yake hakikujua.

Tangu Alhamisi ile. Kila mlo. Mara mbili, karibu mara tatu. Na jana nikamwongeza.

Kisha mkwe kasema, Niliona, Mama. Jumatatu niliona. Nikaona haya kukukosoa jikoni.

Nilitaka kumpiga na mwiko. Heshima gani hiyo? Nikamwambia, siku nyingine nikimwaga mafuta ya taa kwenye maziwa, nawe utainamisha kichwa useme maji tu? Akalia, mtu mzima. Nikalia na mimi. Chiriku akatokea mlangoni, kauliza nani kafa. Tukasema kitunguu.

Mama wa lishe wa kliniki tumempata kwa simu. Nilitaka anifokee, hakunifokea. Kasema mizani irudi leo, mlo huu huu, gramu kwa gramu. Kasema mwili hauzibi pengo kwa siku moja. Kinga imeshuka, itachukua siku kupanda, na katikati hapo chochote kinaweza kutokea. Asipande ngazi peke yake. Asiachwe bafuni. Akianguka, alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, na kifafa kikizidi dakika tano, hospitali bila kusubiri mtu. Na keshokutwa aletwe kliniki hata kama hajaanguka.

Nikamuuliza, ataanguka?

Kasema, Bibi, hilo siwezi kukupimia.

Mwanangu kapatikana mchana. Nikamwambia mwenyewe. Sikumwachia mumewe. Nilimwambia kikombe, kidole gumba, kilele, kijiti, na ile waridi niliyoiita nzuri. Nikafikiri simu imekata. Halafu nikasikia anafunga zipu ya begi. Kasema, Nakuja. Hakusema Mama.

Ijumaa, 14 Machi

Kijiti bado ni ngozi ya mkate. Pengine kuna kivuli cha waridi pembeni. Mkwe anakiona, mimi sikioni. Pengine naye hakioni.

Mwanangu yuko njiani. Atafika jioni, barabara ikimkubali.

Nimepima asubuhi hii kwa miwani ya mkwe na pumzi nimeibana. Unga thelathini. Viazi thelathini. Jamani, vile viazi! Kijiko na robo. Vimekaa katikati ya sahani kama kitu kilichosahauliwa. Nimesimama nikiwa na mwiko mkononi, na mkono wenyewe unataka kurudi sufuriani. Nimeufunga mkono ule nyuma ya mgongo, kweli, kwa kamba ya aproni.

Chiriku kaitazama sahani. Kanitazama.

Bibi, vingine viko wapi?

Ndivyo hivyo, mama.

Umenikasirikia?

Hapana. Kula, moyo wangu.

Kasukuma sahani. Kasema nimekuwa kama Mama. Kasema nirudi kwangu. Nikasema sawa, nitarudi, ila kula kwanza. Kala, machozi yanaingia kwenye viazi, na mimi nikafikiria, na chumvi hii nani ataipima.

Mkwe kashuka kwenda kumwomba mwenye teksi wa jirani akae karibu, tusije tukamtafuta. Sisi wawili tumekaa chini, sebuleni. Meza nimeisukuma ukutani. Nimetandaza magodoro yote mawili na mito ya makochi. Nimemwambia ni kambi. Kanuna, lakini kambi anaipenda, kachukua kalamu zake za rangi. Anachora duka. Mimi naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kifundo cha mguu wake. Kasema namtekenya. Nikasema vumilia.

Amenisamehe nusu. Ananisomea majina ya vitu vya dukani kadiri anavyovichora. Sabuni. Kiberiti. Viatu vya mwalimu, vinauzwa, maana vina kelele. Huyu ni wewe, Bibi, umekuja kununua—

Kununua nini?

Nimeuliza kununua nini.

Kalamu bado iko kwenye karatasi. Mstari unaendelea peke yake, umetoka kwenye karatasi, umefika kwenye godoro. Mguu umekaza mkononi mwangu kama mti.

Ngoja